Joka tunalikubali, mwendo wa kunguru tunaukataa: ulimwengu wa fantasia unavyosimama

Agosti 2017, tamthilia ya Game of Thrones ikiwa katika msimu wake wa saba, ulizuka ubishi ambao wapenzi wake hawajaumaliza mpaka leo. Kikosi kidogo cha watu kimezingirwa na jeshi la wafu juu ya ziwa lililoganda, kaskazini kabisa. Mmoja wao anakimbia kwa miguu hadi ngomeni. Kunguru anatumwa na barua kuelekea kusini, malkia anaipata, anapanda joka, anaruka hadi kaskazini na kuwakuta wenzake wangali hai pale pale alipowaacha yule mkimbiaji. Watu wakalalamika kwamba umbali ule ni wa bara zima. Nao wakajibiwa kwa swali lililoonekana kufunga mjadala: umekubali joka linalotema moto na maiti zinazotembea, sasa unahoji mwendo wa kunguru?

Ni swali tamu, na limewanyamazisha wengi. Ila limekosea, na kosa lake ndilo linalofanya watu wengi, wakiwemo wanaoandika hadithi za namna hii kwa Kiswahili mitandaoni, wadhani kwamba fantasia ni uwanja ambao kila kitu kinaruhusiwa.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Fantasia ni masimulizi ambamo mambo yasiyowezekana katika dunia yetu yanatokea, na wahusika wanayachukulia kuwa kweli. Kwa maana hiyo pana, majini wa Alfu Lela Ulela wamo, na sungura anayemhadaa simba naye yumo. Fantasia ya kiutenzi ni tawi moja tu: riwaya ndefu, aghalabu ya juzuu kadhaa, inayotokea katika dunia isiyo yetu, yenye nchi zake, historia yake, mataifa yake na sheria zake, na ambamo kinachogombaniwa ni kikubwa kuliko maisha ya mtu mmoja: kiti cha enzi, zama nzima, pengine uhai wa dunia yenyewe. Hiyo dunia nitaiita ulimwengu wa kubuni. Usimulizi nao ni kazi ya kuamua nani anatueleza, kwa macho ya nani, kwa mpangilio gani, na lipi tufichwe kwanza.

Tusiichanganye na uhalisia-mazingaombwe, yaani masimulizi yanayochanganya maisha ya kawaida na maajabu. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi anavunja mipaka ya wakati na mahali kwa makusudi, na msomaji anayetafuta ramani humo atahangaika bure. Fantasia ya kiutenzi inafanya kinyume: inavunja sheria chache za dunia yetu, halafu inashika zile zilizobaki kwa ukali kuliko riwaya ya kawaida.

Ukali huo unatoka wapi? Shuleni tulizoea kulijadili jambo hili chini ya kichwa cha mandhari. Lakini mwandishi wa riwaya ya Dar es Salaam anaazima mandhari yake. Akitaja Kariakoo, msomaji analeta mwenyewe msongamano, mikokoteni na kelele za wachuuzi. Mwandishi wa fantasia hana Kariakoo. Alichonacho ni tabia moja ya msomaji, ambayo Marie-Laure Ryan, mtaalamu wa nadharia ya usimulizi, aliieleza katika makala yake ya mwaka 1980: tunaposoma hadithi, tunadhani dunia yake inafanana na yetu katika kila kitu, isipokuwa pale tunapoambiwa vinginevyo. Ukiniambia kuna majoka, nabadilisha kitu kimoja kichwani mwangu, nacho ni majoka. Njaa inabaki njaa. Jeraha linauma vilevile. Safari ya bara zima inabaki safari ya bara zima.

Tena tamthilia yenyewe ilikuwa imeshatuhakikishia hivyo. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2011, malkia mwingine, si yule wa joka, anamkumbusha mumewe kwamba wamekuwa njiani mwezi mzima tangu watoke mji mkuu. Kwa hiyo anayehoji mwendo wa kunguru anaidai hadithi itimize ahadi yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha liona jambo hili katika kitabu chake Poetics: kwa mtunzi, lisilowezekana lakini likasadikika ni bora kuliko linalowezekana lakini halisadikiki. Joka ni la kundi la kwanza. Barua inayofika kwa haraka inayomfaa mwandishi ni la pili.

Anayecheza bao ataelewa haraka. Hakuna anayeuliza kwa nini kete ziko 64 au kwa nini kuna hatua ya namua kabla ya ile ya mtaji. Ukikaa ubaoni umeyakubali. Lakini anza kusambaza kete kutoka shimo lisiloruhusiwa uone kama watazamaji hawatakupigia kelele kabla mpinzani wako hajafungua mdomo.

Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika mwaka 1817 kwamba msomaji anasimamisha kwa hiari yake hali ya kutoamini. J.R.R. Tolkien, katika mhadhara alioutoa Scotland mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu, alilikataa wazo hilo. Alisema msomaji wa hadithi iliyotungwa vizuri hasimamishi chochote. Anaingia katika ulimwengu wa pili na kuuamini kwa muda wote aliomo ndani yake, kwa kuwa yanayosimuliwa yanalingana na sheria za huko. Siku shaka inapoingia, uchawi umekatika, na msomaji amerudi nje, anautazama ule ulimwengu kwa mbali. Kusimamisha kutoamini, kwa Tolkien, ndicho unachokifanya hadithi ikishakushinda lakini hutaki kumuudhi aliyekupa.

Huyu Tolkien alizaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, mji ambao leo uko Afrika Kusini, akakulia Uingereza na kuwa profesa wa Oxford, mtaalamu wa Kiingereza cha kale. Aliunda lugha kabla ya kuunda nchi. Moja aliitunga akivutiwa na Kifini, nyingine na Kiwelishi, kisha akasema kwamba hadithi zilikuja ili lugha hizo zipate mahali pa kuzungumzwa. Hapo ndipo uvumi mmoja ulipoanzia, kwamba huwezi kuandika fantasia bila kutunga lugha, kuchora ramani na kupanga nasaba za wafalme wa vizazi ishirini. Nawaona vijana wanaoanza kwa daftari zima la historia ya falme zao, na hadithi yenyewe haijapata sura ya kwanza. Lugha ilikuwa kazi ya Tolkien na mapenzi yake. Hakuna aliyeitoza kama ada ya kiingilio.

Cha kujifunza kwake ni uangalifu. Mwaka 1944, akiandika The Lord of the Rings, alimweleza mwanawe kwa barua kwamba amegundua miezi yake inafanya mambo yasiyowezekana: inachomoza upande mmoja wa nchi huku ikitua upande mwingine. Wahusika wake walikuwa wametawanyika, kila kundi na njia yake, na mwezi ni mmoja. Ikabidi arudi nyuma kurekebisha. Ni wasomaji wangapi wangegundua? Pengine hakuna hata mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa mwaka 1951. Katika The Hobbit, kitabu chake cha 1937, kiumbe wa pangoni aitwaye Gollum anashindana kwa vitendawili na Bilbo, shujaa wa kitabu, naye Gollum ameahidi kumpa pete kama zawadi akishindwa. Anashindwa, pete haionekani, anaomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Baadaye Tolkien akaanza kuandika hadithi kubwa ambamo pete hiyo hiyo ni chombo cha uovu kisichoachwa na mtu kwa hiari. Sura ya zamani ikawa haiwezekani tena. Toleo la pili la kitabu likatoka na sura mpya: Gollum anataka kumla Bilbo, na mwisho anamlaani kama mwizi. Mwandishi mwingine angeishia hapo. Tolkien akaifanya sura ya zamani iwe uongo wa Bilbo mwenyewe: ndivyo alivyowasimulia wenzake mwanzoni ili ionekane pete ni haki yake, na uongo huo, kwa mtu aliyekuwa mkweli siku zote, unakuwa dalili ya kwanza kwamba pete ilikuwa imeanza kumharibu.

Kosa la mwandishi limegeuzwa kuwa tabia ya mhusika. Hilo liliwezekana kwa sababu Tolkien alijifanya si mtunzi ila mfasiri wa kitabu cha kale kilichoandikwa na wahusika wenyewe, na mwandishi aliyemo ndani ya hadithi anaweza kudanganya. Mbinu ya kujiweka nyuma ya kitabu kingine haitamshangaza anayezijua tenzi za pwani yetu, ambako washairi wengi hufungua kwa kuomba waletewe wino na karatasi, kisha hueleza kwamba kisa wamekitoa katika chuo, yaani kitabu, cha Kiarabu. Msimulizi aliyepokea habari anasadikika kuliko aliyeibuni.

Hapa sasa tunafika kwenye jambo ambalo makala nyingi za mada hii hulikosa. Watu huzungumzia ujenzi wa ulimwengu upande mmoja na mbinu za usimulizi upande mwingine, kana kwamba mwandishi humaliza nyumba kwanza ndipo awaingize watu. Kwa msomaji, ulimwengu ni kile tu ambacho msimulizi amekipitisha. Yaliyobaki kwenye daftari la mwandishi hayapo. Tazama aya hii niliyoitunga:

"Mji wa Mwandu ulitawaliwa na Mfalme Kiza wa Tatu, ambaye mwaka wa 412 alianzisha kodi ya vivuli. Kila raia alipaswa kulipa sarafu moja kwa ajili yake na moja kwa ajili ya kivuli chake. Wasiolipa walinyang'anywa vivuli vyao, na jamii ikawadharau."

Halafu hii:

"Mzee alipofika langoni alitoa sarafu mbili, yake na ya kivuli chake. Askari akaiuma ile ya pili tu. Nyuma yao mwanamke mmoja aliingia kwa sarafu moja, akipita ubavuni mwa ukuta palipo na giza, na hakuna aliyemwamkia."

Aya ya kwanza ina taarifa nyingi zaidi: jina la mfalme, mwaka, sababu. Inasomeka kama maelezo ya mtihani wa historia. Ya pili haikueleza kodi, lakini umeijua. Umejua pia kwamba watu hughushi sarafu ya kivuli, kwamba kuna wasionacho, na kwamba wenzao hawawasalimu. Na hukuambiwa: umejumlisha mwenyewe, na tulichokijumlisha wenyewe tunakiamini kuliko tulichoambiwa. Angalia vilevile kwamba mzee hashangai. Hakuna mwenyeji anayejieleza desturi za kwao akiwa kwenye foleni. Mwandishi anayeandika "kama unavyojua, ndugu yangu, ufalme wetu ulianzishwa na..." amemfanya mhusika azungumze na mimi niliye nje ya kitabu.

Njia moja ya kulikwepa tatizo hilo ni kumtumia asiyejua. Ndiyo maana riwaya hizi zina vijana wengi sana wa kijijini ambao hawajawahi kutoka kwao. Wanauliza maswali ambayo sisi tungeuliza. Mbinu hii imechakaa, nakubali, ila haijafa. Tolkien aliwapeleka vitani watu wafupi wapenda chakula, hobiti, kwa sababu hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kugawa macho. George R.R. Martin, katika A Game of Thrones (1996), kitabu kilichozaa ile tamthilia, anaipa kila sura jina la mhusika mmoja, na ndani ya sura hiyo tunajua anachokijua huyo tu. Ukitoa dibaji, kitabu kina wahusika wanane wa namna hiyo. Hakuna msimulizi maizi anayeona yote na kutuhakikishia nani mwema. (Ambaye hajasoma wala kutazama aruke mistari michache inayofuata.) Ned Stark anauawa karibu na mwisho, na wasomaji wengi walirudi nyuma kuhakikisha hawajasoma vibaya, kwa kuwa Ned ndiye aliyekuwa amepewa sura nyingi kuliko wote. Tulidhani wingi wa sura ni bima ya maisha. Na kifo chenyewe hatukioni kwa macho yake. Tunakuwa na bintiye Arya katikati ya umati, kuna mtu amemkamata na kumzuia asitazame, na kinachotufikia ni sauti ya watu. Ukubwa wa ufalme ule, ukatili wake, udogo wa mtoto ndani yake, vyote vimejengwa na uamuzi mmoja wa nani awe anatazama.

Kugawa macho kuna gharama. Kila mhusika mpya ana njia yake na kalenda yake. Juzuu ya nne (2005) na ya tano (2011) za Martin zinaenda sambamba kwa wakati kwa sehemu kubwa, wahusika wakiwa wamegawanywa kwa maeneo, na yeye mwenyewe amelalamikia fundo la Meereen: wahusika kadhaa wanaosafiri kuelekea mji huo, na kila mpangilio wa nani afike kwanza unaharibu kitu kingine. Baada ya 2011 juzuu ya sita haijatoka. Wanaomtuhumu uvivu wafikirie na fundo hilo.

Mpangilio nao ni silaha. Katika The Lord of the Rings, baada ya wahusika kutengana, Tolkien hasimulii kwa kurukaruka kutoka kundi moja hadi jingine kama filamu zinavyofanya. Anasimulia upande mmoja mfululizo, sura kwa sura, kisha anarudi nyuma kwa siku kadhaa na kuanza upande wa pili. Wengine huona ni uzito wa mtindo wa zamani. Lakini fuatilia tunachokijua. Tunamwacha Frodo, aliyepewa kazi ya kuibeba pete, akiwa ametekwa na adui. Zinafuata sura nyingi za vita vya upande mwingine, hadi mjumbe wa adui anajitokeza mbele ya jeshi na kuonyesha nguo za Frodo kama ushahidi kwamba wanaye. Wakati huo sisi, kama wanajeshi wale, hatujui kama Frodo angali hai. Ni baada ya hapo tu tunarudishwa nyuma kuona kilichompata. Filamu ya mwaka 2003 ilitupitisha pande zote mbili kwa zamu, ikapata kasi na kupoteza taharuki hiyo. Katika toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, mjumbe yule hakuwemo kabisa.

Hayo yote hayatafaa kitu kama uchawi wa hadithi unatatua kila shida. Brandon Sanderson, mwandishi Mmarekani, aliliweka hivi mwaka 2007: uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa uchawi unategemea kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Katika Mistborn (2006) wahusika wanameza madini na kila aina ya madini inatoa nguvu yake. Mmoja anaweza kusukuma vyuma kwa mbali, ila akisukuma kizito kuliko yeye, ni yeye atakayerushwa. Tukishajua hivyo, kila sarafu barabarani inakuwa mkakati.

Kanuni hiyo haisemi kila uchawi uelezwe. Uchawi wa Gandalf, mchawi wa Tolkien, hauelezwi hata kidogo na tunaridhika, kwani hautatui tatizo kuu. Pete lazima ibebwe kwa miguu na watu wanaochoka. Watu hupenda kuuliza mbona tai wakubwa wasiwabebe. Wenye kuuliza wanasahau kwamba katika The Hobbit mkuu wa tai anakataa kuwashusha abiria wake karibu na makazi ya watu, akihofia pinde zao. Tai ni viumbe wenye nafsi zao, tena wanaochomeka kwa mshale.

Kwa wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, nawaelekeza Lamu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa alivyouandika mwaka 1913, shujaa hadhuriwi na silaha. Mwanawe, akiwa ametumwa na maadui, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, naye anamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Msikilizaji amepewa sheria kabla haijatumika, na kuanzia hapo hakuna anayesinzia. Hata kufa kwake kunabaki ndani ya hadithi: anapiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wanaogopa kumsogelea kuteka maji, hawajui kwamba amekwisha kufa. Siuiti utenzi huo fantasia, kwa sababu Liyongo kwa watu wa pwani ni mtu wa historia. Fundi wa kusimulia, hata hivyo, ni fundi.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) iko karibu zaidi, na ndiyo inayotajwa kila mjadala huu unapoanza. Ni nchi iliyoko angani, imepakana na upepo. Lakini Shaaban hana haja tuishi humo. Anataka tusikilize kesi ya Karama na kuwatambua watawala wetu katika mawaziri wale, kwa hiyo akatupa mipaka ya upepo na kuendelea na hoja. Hakuna anayeuliza watu wa Kusadikika wanalima nini, na hilo si pungufu la kitabu; ni kitabu cha aina nyingine.

Anayetaka kuanza kusoma na Kiingereza hakimsumbui, namshauri aanze na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Ni kifupi. Ni dunia ya visiwa na mashua, na mtu wa mwambao atajisikia nyumbani. Shujaa wake, Ged, ni mwenye ngozi ya rangi ya kahawia nyekundu, ingawa tamthilia ya mwaka 2004 ilimpa nafasi hiyo kijana mweupe na Le Guin akalalamika hadharani. Uchawi humo unahitaji ujue jina la kweli la kila kitu, na kila linalofanywa linasukuma jingine mahali pengine. Usiku mmoja Ged anafanya uchawi kwa majivuno, na kitabu kizima kinalipia usiku huo. Tolkien aje baadaye, na kama utangulizi wake juu ya hobiti na magugu yao ya kuvuta unakuchosha, uruke, utaurudia ukishamaliza. Martin awe wa mwisho, kwa anayeweza kuvumilia hadithi ambayo mwandishi wake bado hajaimaliza.